Sokoine: Baba aliyeondoka ghafla akirudi Dar

Ukitoka Morogoro kuja Dar es Salaam unapita Chalinze, Mlandizi na Kibaha, halafu Kiluvya, na ukishaingia Kibamba unajua umefika mjini. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa anakuja Dar akitokea bungeni Dodoma. Kibamba hakufika. Gari lake lilipata ajali eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, na akafariki dunia. Alikuwa na miaka 45.

Jioni ile Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyetangaza msiba kupitia Radio Tanzania. Waliokuwa watu wazima wakati huo, hadi leo wanakumbuka walikuwa wapi waliposikia. Wengine hawakuamini kabisa, maana hakuwa mgonjwa kitandani wala mzee wa kusema muda wake umefika. Asubuhi alikuwepo, jioni hayupo.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, kwenye familia ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli, kisha Sekondari ya Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961, nchi ikipata Uhuru, alijiunga na TANU. Baadaye akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Mwaka 1965 akawa mbunge, na miaka miwili baadaye Naibu Waziri. Mwaka 1972 alipewa Wizara ya Ulinzi, na Februari 1977 akawa Waziri Mkuu akiwa na miaka 38 tu.

Alikuwa kwenye kiti hicho wakati wa Vita vya Kagera. Mwaka 1980 akapumzika kwa sababu za kiafya, ila mapema 1983 Mwalimu akamrudisha.

Kipindi hicho maisha yalikuwa magumu kweli. Sukari, sabuni, unga, vyote foleni. Vitu vilikuwa vinafichwa na kuuzwa kwa magendo. Sokoine akaanzisha vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na watu kibao wakakamatwa. Wapo waliolalamika kwamba walionewa, na malalamiko hayo nayo ni sehemu ya historia yake. Lakini mwananchi wa kawaida aliyekuwa anarudi nyumbani mikono mitupu aliona kuna mtu serikalini anayemjali. Ndiyo maana anakumbukwa kama kiongozi mchapakazi, asiyejilimbikizia mali.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Mabasi ya UDA yalipozidiwa na abiria, ni mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, watu binafsi waliporuhusiwa rasmi kubeba abiria jijini. Inasimuliwa kuwa nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala, ndipo likaja jina daladala. Kwa hiyo anayepanda daladala Kibamba saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini, anatumia kitu kilichofunguliwa enzi zake.

Gari lililogongana na la Sokoine lilikuwa linaendeshwa na raia wa Afrika Kusini, mmoja wa wapigania uhuru waliokuwa wanaishi nchini. Maneno yalikuwa mengi mitaani, na hayajaisha hadi leo. Kifo cha ghafla ndivyo kilivyo. Mtu akiugua muda mrefu, ndugu hujiandaa kidogo kidogo. Akiondoka barabarani, maswali yanabaki, na kila mtu anayajibu anavyojua.

Taifa lilipoteza Waziri Mkuu, na mwezi huohuo akapatikana mwingine, Salim Ahmed Salim. Nafasi ya kazi huwa inajazwa. Kule Monduli lakini kulikuwa na wajane na watoto, baadhi bado wadogo, na nafasi ya baba haina mtu wa kuteuliwa kuijaza. Walikua wakisikia habari za baba yao kutoka kwa watu wengine, redioni na kwenye hotuba. Binti yake mmoja, Namelok Sokoine, alikuja kuwa mbunge.

Alizikwa Monduli Juu. Mwaka huohuo wa 1984 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, mkoani Morogoro, mkoa uleule alikofia. Mbeya kuna Uwanja wa Sokoine, Lindi kuna hospitali ya Sokoine, na katikati ya Dar kuna barabara ya Sokoine. Wanaotaja jina hilo kila siku ni wengi kuliko wanaomjua mwenyewe.

Mwaka 2024 ilitimia miaka 40 tangu aondoke. Ni karibu muda sawa na ule alioishi hapa duniani. Barabara ya Morogoro bado inabeba akina baba kila siku, wa mabasi, malori na bodaboda, na nyumbani kuna watoto wanasubiri kusikia mlango ukigongwa. Ukiwa na usukani mkononi, kumbuka hilo. Na kama baba yako yupo, mpigie simu leo. Usisubiri sikukuu.