Siti wa Ng'ambo Asisahauliwe

Kila litajwapo jina la Siti binti Saad, watu hukimbilia mwaka 1928, alipovuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Hatuwalaumu. Mwanamke wa shamba, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880 na kupewa jina la Mtumwa, aliyejitafutia riziki kwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza, hakutazamiwa na yeyote kusikika katika gramafoni za pwani nzima. Aliingia mjini mwaka 1911, akafunzwa uimbaji na Muhsin Ali, akaungana na akina Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam. Yaliyofuata yanajulikana hata kwa watoto.

Sisi, hata hivyo, mapenzi yetu yamekaa kwingine, na hatuoni haya kulikiri, ijapokuwa huku Tanga tulilelewa na sauti za Black Star na Lucky Star. Tunampenda zaidi Siti wa miaka ya 1930 na 1940. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, kampuni za santuri zimefumba mifuko, na umri wake umekwenda. Wengi hukifunga kitabu hapo. Yeye hakukifunga kinywa. Aliendelea kuwaimbia watu wa Ng'ambo, mafundi na wachukuzi, wanawake waliorudi mahakamani bila haki, katika lugha waliyoielewa wote. Huko wimbo ulikuwa gazeti la wasiojua kusoma: nani kadhulumu, nani kaachiwa, nani kalia. Makofi ya majumba ya wakubwa aliyapata mapema. Haya ya Ng'ambo, kwa maoni yetu, yalikuwa mazito zaidi.

Tuna sababu nyingine ya kuipenda enzi hiyo, nayo ni ya kwetu. Mwana wa Vibambani, Tanga, Shaaban Robert, hakumwandika Siti kwa kusikiliza santuri tu. Alimfuata angali hai, katika siku zake za mwisho, akapokea habari za maisha yake, na humo ukatoka Wasifu wa Siti binti Saad. Bibi huyo alifariki Julai 1950. Laiti mwandishi wetu angalichelewa mwaka mmoja!

Hapa ndipo tunapowageukia wakubwa wa idara za utamaduni, wa Visiwani na wa Bara. Santuri za Bombay zina watafiti na wanunuzi wake. Nyimbo za uzeeni hazikupata bahati hiyo; zimebaki vichwani mwa watu. Bi Kidude, aliyezibeba nyimbo za Siti kwa miaka mingi, alifariki Aprili 2013. Aliyemsikia Siti akiwa mtoto wa miaka 10 sasa amekwisha kupita 80. Wazee hao wamo Unguja, Pemba, na bila shaka Pangani na Tanga pia. Tunaomba atumwe mtu mwenye kinasa sauti akabishe hodi kwao, na atumwe mwaka huu.