Oyite-Ojok: Helikopta ilianguka, serikali ikafuata

DESEMBA 2, 1983, helikopta ya jeshi la Uganda ilianguka katika eneo la vita la Luwero. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mnadhimu Mkuu wa Jeshi, Meja Jenerali David Oyite-Ojok, akiwa na umri wa miaka 43.

Oyite-Ojok alizaliwa Lango, kaskazini mwa nchi, mwaka 1940, na kujiunga na jeshi mwaka 1963. Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote Januari 1971, yeye alikimbilia uhamishoni.

Alirejea akiwa na bunduki. Mwaka 1979 aliongoza Kikosi Maalum, wapiganaji wa Uganda waliosonga mbele pamoja na jeshi la Tanzania. Kampala ilipoanguka Aprili 11, ndiye aliyesikika Redio Uganda akitangaza kwamba utawala wa Amin umekwisha.

Siku 11 baadaye, Watanzania walivuka bwawa la Owen Falls na kuingia Jinja, kisha wakaendelea hadi Mbale. Waliokuwa wamekimbia wakaanza kurudi.

Nguvu zake zilionekana haraka. Mei 1980, Rais Godfrey Binaisa alijaribu kumwondoa jeshini na kumfanya balozi Algeria. Aliyeondoka ni Binaisa. Uchaguzi wa Desemba ulimrudisha Obote Ikulu, ingawa wapinzani walidai kura ziliibwa. Februari 1981, Yoweri Museveni akaingia msituni.

Wafanyabiashara wa mpakani wana sababu nyingine ya kumkumbuka: kahawa. Baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda duniani, lakini mkulima wa Mlima Elgon aliendelea kulipwa kidogo. Magendo yakashamiri hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya. Obote aliporudi, Bodi ya Kahawa, ambayo ndiyo iliyopokea kahawa ya Bugisu kutoka Mbale, ilipata mwenyekiti mpya: Oyite-Ojok. Mtu mmoja akawa ameshika bunduki na zao lililoletea nchi fedha nyingi za kigeni.

Kwa wafuasi wake alikuwa shujaa asiyeogopa mstari wa mbele. Kwa wengi wa Luwero, jeshi lake lilikuwa kilio.

Kuhusu helikopta hiyo, wengine husema ni ajali, wengine waasi, wengine hujuma ya ndani. Matokeo yake hayana ubishi. Obote alikaa miezi mingi bila kujaza nafasi hiyo, kisha Agosti 1984 akampa Smith Opon Acak, Mlango kama yeye, akiwaruka maofisa Waacholi waliomzidi cheo. Manung'uniko yakageuka uasi.

Julai 27, 1985, Bazilio Okello aliingia Kampala na Tito Okello akawa mkuu wa nchi. Obote alivuka mpaka kuingia Kenya, mkimbizi kwa mara ya pili. Safari hii hakuwepo Oyite-Ojok wa kumrudisha.