William Barak: Mzee aliyepigania shamba la Coranderrk

WAHENGA walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini huko Australia katika karne ya 19, kuna jamii iliyojitegemea kwa jasho lake yenyewe, na bado serikali ikaivunja. Kiongozi wake alikuwa William Barak.

Barak alizaliwa yapata 1824 katika ukoo wa Wurundjeri, wenyeji asilia wa eneo lilipo sasa jiji la Melbourne. Alikuwa kijana mdogo walowezi wa kizungu walipowasili 1835. Katika muda wa miaka michache, kondoo wa wageni walijaza mbuga walizowindia wazazi wake, na maradhi yakawamaliza watu wengi.

Mnamo 1863, Barak na binamu yake, Simon Wonga, walikuwa miongoni mwa watu wapatao 40 waliovuka milima kwa miguu na kupiga kambi karibu na Healesville, kilomita 60 hivi kutoka Melbourne. Serikali ya koloni la Victoria iliwatengea ekari 2,300, kisha eneo hilo likapanuliwa hadi ekari 4,850 mwaka 1866. Wakapaita Coranderrk.

Wakiwa na msimamizi wao John Green, Mskoti aliyewaachia waamue mengi ya mambo yao, walijenga nyumba, wakafuga ng'ombe na kulima hopsi, mmea unaotumiwa kutengenezea bia. Hopsi hiyo ilituzwa katika maonyesho ya Melbourne.

Ufanisi huo ndio uliozua balaa. Walowezi jirani waliimezea mate ardhi hiyo. Green aliondolewa 1874, na Bodi ya Kuwalinda Waaborijini, iliyodhibiti mapato ya shamba, ikapanga kuwahamisha wakazi.

Barak, aliyerithi uongozi baada ya Wonga kufariki, hakushika silaha. Aliongoza wajumbe kutembea hadi Melbourne kuonana na mawaziri, wakiwa na barua zilizotiwa saini na wakazi. Tume ya uchunguzi iliundwa 1881, na wakazi wenyewe wakatoa ushahidi. Mwaka uliofuata, Barak alimzika mwanawe, David, aliyeugua kifua kikuu. Hata hivyo hakukata tamaa, na 1884 Coranderrk ikatangazwa kuwa hifadhi ya kudumu.

Ushindi huo haukudumu. Sheria ya 1886 iliwafukuza machotara wenye umri wa chini ya miaka 35. Familia zilitenganishwa, na shamba likapoteza vijana waliolilima. Kisha serikali ikadai kwamba wazee waliobaki hawakuhitaji ardhi kubwa hivyo. 1893 karibu nusu yake ikachukuliwa.

Barak alibaki, akichora ngoma na sherehe za watu wake, hadi alipofariki Agosti 1903. Coranderrk ilifungwa 1924, na wakazi wengi wakahamishiwa Lake Tyers.

Sehemu ndogo ya shamba ilirejeshwa kwa Wawurundjeri mwaka 1998. Mnamo 2022, Wawurundjeri walinunua mchoro wa Barak na ngao aliyoichonga, katika mnada jijini New York, ili virudi nyumbani.

Maisha ya Barak yanafichua unafiki wa watawala wanaowahubiria wanyonge kujitegemea. Watu wa Coranderrk walijitegemea. Walichokosa ni serikali ya kuheshimu mpaka wa shamba lao.