Marie Curie na Jina la Poloniamu

Maria Skłodowska, aliyekuja kujulikana kama Marie Curie, alizaliwa Warsaw mwaka 1867, wakati Poland haimo katika ramani na Kirusi kimelazimishwa kuwa lugha ya shule. Mwaka 1891 alikwenda Paris kusoma fizikia na hisabati. Mwaka 1898, yeye na mumewe Pierre walibaini kwamba madini fulani ya urani yalitoa mnururisho mkali kuliko urani yenyewe. Basi palikuwa na elementi isiyojulikana. Waliiita poloniamu, kwa jina la nchi iliyofutwa. Kwa mwanaistilahi uteuzi huo ni wa kipekee: jina la kitaalamu lilidai taifa. Elementi ya pili, radiamu, ndiyo iliyomtesa. Tani za mabaki ya madini zilichemshwa na kukorogwa bandani, hadi mwaka 1902 ilipopatikana sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi yake. Alitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 1903, na ya kemia mwaka 1911. Mwaka 1932 alihudhuria ufunguzi wa Taasisi ya Radiamu mjini Warsaw, katika Poland iliyokuwa huru tangu 1918. Alifariki mwaka 1934 kwa maradhi ya damu. Madaftari yake yangali yananururisha.