Yohana Mbatizaji: Mtangulizi aliyejua muda wa kukaa pembeni

Mbulu. Juni 24 si sikukuu ya kitaifa, lakini kwa Wakatoliki wa Mbulu na Hanang ni siku yenye uzito wake. Watakatifu wengi hukumbukwa siku waliyokufa. Huyu anasherehekewa siku aliyozaliwa, heshima ambayo kalenda ya Kanisa inampa yeye, Bikira Maria na Yesu mwenyewe.

Ni Yohana Mbatizaji. Waislamu wanamjua kama Nabii Yahya, mwana wa Zakaria.

Katika wilaya hizi mbili, habari ya mtu anayesema yajayo si ngeni. Wazee bado wanamsimulia Saigilo, mtabiri wa Kidatoga wa enzi za kabla ya Wajerumani, anayekumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni. Kazi ya Yohana ilikwenda hatua moja mbele: alitakiwa amwonyeshe kwa kidole yule anayekuja, kisha yeye mwenyewe akae pembeni.

Mtoto wa uzeeni

Kwa mujibu wa Injili ya Luka, Yohana alizaliwa katika nchi ya milima ya Yudea, enzi za Herode Mkuu. Baba yake, Zakaria, alikuwa kuhani. Mama yake, Elisabeti, alikuwa ndugu wa Maria. Walikuwa wazee na walishakata tamaa ya kupata mtoto.

Malaika alipompa Zakaria habari hiyo hekaluni, mzee hakuamini, akawa bubu. Mtoto alipozaliwa, ndugu walitaka arithi jina la baba. Elisabeti akagoma. Wakamgeukia Zakaria, naye akaomba kibao, akaandika kwamba mtoto ni Yohana. Hapo hapo sauti ikarudi.

Luka anaonyesha kuwa Yohana alimtangulia Yesu kwa miezi sita. Ndiyo maana sikukuu yake iko Juni na Krismasi iko Desemba.

Greda mbele, mgeni nyuma

Kama mtoto wa kuhani, Yohana angeweza kufanya kazi ya baba yake hekaluni. Badala yake aliishi jangwani, akivaa vazi la singa za ngamia na kula nzige na asali ya mwitu. Katika mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio, yaani karibu mwaka 28 au 29, alianza kuhubiri na kubatiza kwenye Mto Yordani.

Injili zinamwona kama yule aliyetajwa na nabii Isaya, anayetangulia kuagiza mabonde yajazwe na vilima visawazishwe ili Bwana apite. Abiria aliyewahi kushuka kusukuma gari kwenye tope la masika huko Mbulu hahitaji maelezo marefu. Mgeni mkubwa akija, greda hutangulia.

Ila barabara ya Yohana ilikuwa mwenendo wa watu. Mwenye kanzu mbili alimtaka ampe asiye nayo. Watoza ushuru aliwaambia wasizidishe kiwango. Askari aliwakataza kunyang'anya watu mali, akawataka waridhike na mishahara yao.

Umaarufu haukumlevya

Watu walimiminika. Wengine wakaanza kujiuliza kama yeye ndiye Masihi. Angekaa kimya tu, cheo kingemwangukia. Yohana alikana waziwazi, akasema hafai hata kumlegezea kamba za viatu anayekuja nyuma yake.

Kisha akambatiza Yesu, na wafuasi wakaanza kuhama. Andrea, ndugu yake Simoni Petro, alikuwa mwanafunzi wa Yohana kabla ya kumfuata Yesu. Wale waliobaki walipolalamika, Yohana alijifananisha na mpambe wa bwana harusi: harusi si yake, lakini anafurahi kwa sababu mwenye harusi amefika.

Gereza na swali gumu

Kilichomponza ni kumsema mtawala. Herode Antipa, mtoto wa Herode Mkuu, alimchukua Herodia, mke wa ndugu yake. Yohana akamwambia bila kuzunguka kuwa si halali. Akatupwa gerezani.

Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo ya kwanza, anaongeza sababu ya kisiasa: Herode aliogopa kwamba mtu mwenye ushawishi vile angeweza kuchochea uasi. Anasema Yohana aliuawa katika ngome ya Machaerus, eneo ambalo leo liko Jordan.

Akiwa gerezani, mtu huyu wa msimamo aliingiwa na swali. Aliwatuma wanafunzi wamuulize Yesu kama kweli ndiye, au wamsubiri mwingine. Jibu lilikuwa orodha ya matendo: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanaletewa habari njema. Kuhusu kufunguliwa kwake, hakuna kilichosemwa.

Siku ya kuzaliwa ya Herode, binti wa Herodia alicheza, akaahidiwa lolote atakaloomba. Kwa shauri la mama yake, akaomba kichwa cha Yohana kwenye sinia. Herode alisikitika, lakini alishaapa mbele ya wageni. Akaona bora mtu afe kuliko yeye kuaibika.

Wanafunzi walimzika mwalimu wao, kisha wakaenda kumpa Yesu taarifa. Kanisa linakumbuka kifo hicho kila Agosti 29. Yohana hakumwona Yesu akisulubiwa wala hakuiona Pasaka. Sehemu yake ilikuwa kutangulia, na aliimaliza.