Huyo Gossage Alikuwa Nani?

Kuanzia mwaka 1926 hadi 1966 timu za Kenya na Uganda, na baadaye Tanganyika na Unguja, zilishindania kombe moja lililoitwa Kombe la Gossage. Wazee wetu walilitaja jina hilo barazani baada ya sala ya alasiri, kila mmoja akilitamka apendavyo, na redio zilipoenea likawa linaingia nyumba kwa nyumba. Lakini waulize leo huyo Gossage alikuwa nani. Mmoja atakwambia alikuwa gavana. Mwingine atakuapia kwamba alikuwa mlinda lango wa Kizungu. Nami sikuwa bora kuliko wao mpaka siku niliyofika Nakuru.

Nilikwenda kule kumjulia hali mzee mmoja, mwenzetu wa pwani, ambaye kazi ya reli ilimpeleka Nakuru angali kijana, naye akaoa na kubaki huko huko. Wasomaji wanajua kwamba Nakuru ni njia panda ya reli: behewa moja litakwenda Kisumu, jingine litapanda Eldoret na kuendelea mpaka Uganda. Watu wengi wa kwetu walishuka katika stesheni ile kwa mwaka mmoja, nao wamezikwa kule.

Baada ya kahawa mzee alivuta sanduku la bati kutoka mvunguni. Nilidhani atanionyesha hati za shamba au picha za harusi. Kumbe lilikuwa limejaa vijitabu vya mechi. Navyo si vitu vya kujivunia kwa umbo: karatasi iliyokunjwa mara moja au mbili, majina ya wachezaji wa pande zote mbili, jina la refa, salamu za viongozi, na matangazo ya biashara ya sigara na baiskeli. Viliuzwa mlangoni kwa senti chache. Watu wengi walivikalia ili wasichafue suruali, kisha wakafungia karanga. Mzee na marehemu kaka yake walivikunja, wakavitia mfukoni na kuvihifadhi.

Akaanza kuvitoa kimoja kimoja. Hakuhitaji miwani. Kwa kugusa tu alijua hiki ni cha siku ya mvua, hiki ni cha siku ambayo vumbi liliteremka kutoka upande wa Menengai hata mpira haukuonekana. Alinikumbusha jambo ambalo sisi wa pwani hupenda kulisahau, kwamba ligi ya taifa ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1963, bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alikuwa Nakuru All Stars, na mwaka 1969 akalitwaa taji mara ya pili. Mzee alizisema tarehe hizo kama mtu atajaye siku walizozaliwa wanawe.

Vilivyobaki si vingi. Mchwa walikula sehemu ya chini ya sanduku, na kwa miaka kadhaa mkaza mwana wake, asijue thamani yake, alichomoa karatasi moja moja kuwashia jiko. Alinisimulia hayo bila hasira. Ila alipofika kwenye kijitabu kimoja mkono wake ulikawia. Kilikuwa cha Kombe la Gossage. Kaka yake alikwenda Nairobi kutazama mechi hiyo, akaandika kwa penseli, pembeni mwa majina, nani alifunga na dakika ya ngapi. Mwandiko huo ndio pekee wa kaka yake uliosalia duniani. Akaniuliza kama mimi, mtu wa magazeti, najua ni nani huyo ambaye jina lake limekaa juu ya mwandiko wa kaka yake miaka yote hii. Nikaona haya. Nikamwahidi nitatafuta.

Haya ndiyo niliyoyapata.

William Gossage alizaliwa mwaka 1799 katika kijiji cha Burgh le Marsh, mkoa wa Lincolnshire, Uingereza, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto 13. Katika nyumba yenye watoto kiasi hicho, mdogo hapati urithi wa kutajwa. Alipotimia miaka 12 alipelekwa mji wa Chesterfield kwa jamaa yake mwenye duka la dawa, akafagia, akaosha chupa, na kidogo kidogo akajifunza mambo ya kemia. Akili yake haikutulia. Mwaka 1823 aliandikisha uvumbuzi wake wa kwanza, nao haukuhusu dawa hata kidogo: ulikuwa kifaa cha kufunga kwenye saa ya kawaida ili ipige kengele ya kuamsha. Kisha akafungua biashara yake mwenyewe katika mji wa Leamington, akiuza chumvi za dawa.

Mnamo mwaka 1830 aliingia katika kazi iliyomfanya ajulikane, kazi ya kutengeneza magadi. Hapa yafaa nisimame kidogo, kwa maana bila magadi hakuna sabuni wala kioo. Wazungu wa zama zile waliyatengeneza kutokana na chumvi ya kawaida, kwa kuichemsha pamoja na asidi kali na baadaye kuichoma kwa makaa na chokaa. Magadi yalipatikana, lakini pamoja nayo ulitoka moshi wa sumu. Moshi huo ulikausha miti, ukaua mazao na kula vyuma. Wakulima waliwashtaki wenye viwanda. Wenye viwanda nao wakajenga mabomba marefu zaidi ya kutolea moshi, wakafanikiwa tu kuipeleka sumu kwa majirani wa mbali badala ya wale wa karibu.

Kiwanda cha Gossage kilikuwa Stoke Prior, na karibu yake palikuwa na kinu cha upepo kilichoachwa. Alikijaza matawi na vichaka toka chini mpaka juu, akafungulia maji yateremke polepole juu ya matawi hayo, na ule moshi akaupitisha humo. Maji yakainywa sumu. Huo ndio uvumbuzi wake wa mwaka 1836, na minara ya namna hiyo inaitwa kwa jina lake hata leo katika vitabu vya kemia. Mtu angetarajia kwamba wenye viwanda wangeukimbilia siku ile ile. Wengi hawakujali, kwa sababu mnara una gharama na moshi hauna. Ilibidi ipite miaka 27, hata mwaka 1863 serikali ya Uingereza ilipotunga sheria ya kuwalazimisha wazuie asilimia 95 ya moshi huo. Mwaka huo huo, kwa sadfa tu, ndipo chama cha kandanda cha Uingereza kilipoundwa mjini London. Sina ushahidi kwamba Gossage aliwahi kuupiga mpira hata kwa ncha ya kiatu.

Alihangaika. Alikwenda Birmingham kutengeneza rangi nyeupe ya risasi, akaenda Neath kuyeyusha shaba, akarudi Stoke Prior, na mwaka 1850 akahamia Widnes, karibu na Liverpool. Hapo ndipo bahati ilipomkuta. Vilipozuka vita vya Krimea, Uingereza ikipigana na Urusi, shahamu ya wanyama iliyokuwa ikitoka Urusi ilipanda bei, na sabuni ikawa ghali kwa maskini. Gossage akapata njia ya kuyeyusha mchanga pamoja na magadi na kuuchanganya na sabuni, hivyo mafuta kidogo yakazaa miche mingi. Mwaka 1857 akatoa sabuni yake yenye madoa ya buluu, iliyopendwa kuliko zote. Walikuwapo waliosema anauza mchanga. Lakini ilisafisha, na mwenye peni moja aliweza kuinunua.

Jambo moja halikumtii maisha yake yote. Mabaki ya kutengeneza magadi yalirundikwa nje ya viwanda kama vilima, yakitoa harufu ya mayai mabovu, na ndani yake mlikuwa na kiberiti chenye thamani. Kwa miaka mingi sana Gossage alijaribu kukitoa, akatumia fedha na usingizi wake, asifaulu. Alifariki mwaka 1877 huko Bowdon. Vilima vya Widnes vilikuwa vinanuka bado.

Wanawe waliendeleza kampuni, na sabuni ya Gossage ikasafiri ng'ambo, ikateremka katika bandari za Afrika. Mwaka 1911 kampuni ilinunuliwa na Brunner Mond, na baada ya miaka michache ikaingia mikononi mwa Lever Brothers. Basi mwaka 1926, sabuni hiyo ilipotaka kujulikana zaidi Afrika ya Mashariki, ikatoa kombe. Kenya na Uganda zikacheza Nairobi, Kenya ikashinda. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na Unguja ikafuata miaka michache baadaye. Mwenye jina alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 49 kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Kiwanda cha Widnes chenyewe kilifungwa mwaka 1932, kombe likaendelea. Mwaka 1967 likabadilishwa jina likawa la Afrika ya Mashariki na Kati, nalo ndilo babu wa Kombe la CECAFA lililoanza mwaka 1973. Sikitiko langu ni kwamba pamoja na jina zilipotea kumbukumbu nyingi. Zipo mechi za zamani ambazo orodha huandika matokeo tu, bila majina ya wafungaji. Nani aliyajua? Alijua yule aliyekuwa na penseli.

Nilipopita tena Nakuru nilimweleza mzee yote haya, tukiwa tumekaa mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mbali. Ukingo wake ulikuwa mweupe kwa magadi. Nikamwambia kwamba ile Brunner Mond iliyomiliki sabuni ya Gossage ndiyo iliyoichukua, mwaka 1924, kampuni ya magadi ya Ziwa Magadi, kusini ya bonde hili hili. Mzee alicheka sana. Yale ambayo watu wa Widnes waliyatafuta kwa makaa, kwa kesi na kwa sumu, hapa Mwenyezi Mungu ameyamwaga juu ya ardhi, na bibi zetu hutia punje yake katika chungu ili maharagwe yaive upesi.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza habari za utajiri wa Gossage. Aliuliza kama wanawe walikipata kile kiberiti. Nilimjibu kwamba kilikuja kupatikana, lakini na watu wengine, baada yake.

Akanyamaza. Akamwita mjukuu wake amletee kalamu. Nilidhani ataandika kwenye kijitabu chenyewe, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Alichana kipande cha karatasi kutoka daftari la shule la mtoto, akaandika William Gossage, fundi wa sabuni, 1799 hadi 1877, akakikunja na kukiweka ndani ya kijitabu mahali ambapo hakikuufunika mwandiko wa kaka yake. Sanduku halikurudi mvunguni. Alilipandisha juu ya kabati, mbali na mchwa, mbali na jiko.