Lawrence na pikipiki zake saba

Pita steji ya Ukunda saa hii: helmeti zinaning'inia kwa usukani, vichwa viko wazi. Basi nikawaza Lawrence.

T.E. Lawrence, mzaliwa wa Wales, 1888, ndiye yule aliyepigana upande wa Waarabu dhidi ya Waturuki kati ya 1916 na 1918. Vita vikaisha, jina likawa kubwa, yeye akalikimbia: akajiandikisha jeshi la anga kwa jina la uongo, askari wa kawaida tu.

Raha yake ilibaki pikipiki. Kuanzia 1922 alimiliki Brough Superior saba, moja baada ya nyingine, akazibatiza George. Ya mwisho, SS100, ilipiga kilomita 160 kwa saa. Boxer ya Diani haifiki hapo hata isukumwe na kusi!

Mei 13, 1935, karibu na kwake Dorset, alikwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa. Kichwa wazi. Alikufa siku sita baadaye, akiwa na miaka 46. Hugh Cairns, daktari wa ubongo aliyeitwa kumhudumia, hakumsahau. Alichunguza vifo vya wanajeshi waendesha pikipiki, na mwaka wa 1941 jeshi la Uingereza likawalazimisha kuvaa helmeti. Raia walingoja hadi 1973.

George ya nane ilikuwa imeshaagizwa.